Kola za Sare: Niliyojifunza Nikifanya Kazi Gerezani bila Ujira

Nilitoka gerezani asubuhi ya Jumanne nikiwa na mfuko mmoja wa plastiki, gauni nililoingia nalo na ufundi wa kushona kola ambao hadi leo unanipatia riziki. Fedha sikutoka nazo. Tangu siku nilipoingizwa kwenye karakana ya ushonaji hadi Jumanne ile yalikuwa yamepita majuma 90, na kila juma tulifanya kazi siku sita, saa saba kwa siku. Nikiondoa siku nilizougua na zile ambazo umeme ulikatika, napata takriban saa 3,600. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe kwa kukumbuka, kwa sababu gereza halikuwa na daftari la saa za mfungwa mmoja mmoja. Sisi wenyewe tulihesabiwa asubuhi, mchana na jioni, tukiwa tumechuchumaa kwa mistari, lakini kazi yetu ilihesabiwa kwa mashati tu.

Naandika haya kwa ajili ya aliyeko mahabusu sasa, na kwa ajili ya ndugu anayemtembelea bila kujua amuulize nini. Sitetei kosa langu. Nilikuwa mtunza hazina wa ushirika mdogo, nikachukua fedha za wenzangu nikiamini ningezirudisha kabla hazijaulizwa, na nilipohukumiwa miaka mitatu sikukata rufaa kwa sababu nilijua nimestahili. Ninachohoji ni jambo jingine ambalo hakimu hakulitamka: kama pamoja na uhuru wangu, mahakama ilikuwa imechukua pia kazi ya mikono yangu, na kama ilikuwa imeichukua, ilimpa nani.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata ya kuhukumiwa. Nilikaa mahabusu miezi saba kesi ikiendelea, na katika muda huo nilifua, nilichota maji na kupiga deki ofisi za askari kila siku, kwa kuwa nilidhani aliye ndani ya ukuta ule ni mfungwa, basi. Kusafisha mahali unapolala hakuna ubaya, na sijawahi kumwonea huruma mtu anayelalamikia ufagio wa selo yake mwenyewe. Lakini askari mmoja alikuwa akichagua watatu wetu kila Jumamosi ili tufue na kupiga pasi nguo za nyumbani kwake, za mumewe na za watoto, nasi tulikwenda tukijisikia tumependelewa kwa sababu alitupa kipande cha sabuni kilichobaki.

Ilinichukua miaka miwili kujua kwamba jambo hilo lina kanuni. Umoja wa Mataifa una Kanuni za Kima cha Chini za Kuwatendea Wafungwa, ambazo zilitungwa kwanza mwaka 1955 na kupitishwa upya na Baraza Kuu mwezi Desemba 2015 zikiitwa Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 116 inasema kwamba ambaye kesi yake haijaamuliwa apewe nafasi ya kufanya kazi, asilazimishwe, na akifanya alipwe. Kanuni ya 97 inasema mfungwa yeyote, hata aliyehukumiwa, asitakiwe kufanya kazi kwa manufaa binafsi ya mtumishi wa gereza. Kanuni hizi si sheria ya kumfunga mtu mikono, na ukizitaja mbele ya askari mwenye hasira hazitakusaidia chochote. Mahali pa kuzitaja ni mahakamani, siku kesi inapotajwa, kwa sababu pale maneno yako yanaingia kwenye kumbukumbu na wakili au ndugu anaweza kuyarejea baadaye. Mimi nilisimama mbele ya hakimu mara nyingi katika miezi ile saba, nikaulizwa kila mara kama nina lolote la kusema, nami nikajibu, "Sina, mheshimiwa."

Baada ya hukumu nilipelekwa karakana. Pale nitakiri jambo ambalo wanaopinga kazi za magereza hawapendi kulisikia: niliipenda kazi ile. Kola ya shati la sare ina vipande viwili vya kitambaa na kipande kigumu katikati. Unaviweka uso kwa uso, unashona ukingoni, unapunguza kitambaa kilichozidi, kisha unaipindua na kuitoa pembe kwa ncha ya kijiti. Ukikisukuma kijiti kwa nguvu, pembe inatoboka. Ukikiogopa, pembe inabaki butu kama kidole gumba, na shati zima linaonekana la ovyo hata kama mikono yake imeshonwa vizuri. Nilitoboa kola kumi na moja kabla sijapata moja nzima. Siku niliyoipata, fundi mwenzangu mtu mzima, ambaye sote tulimwita mama, aliikunja, akaweka pembe moja juu ya nyingine kuona kama zinalingana, akanirudishia bila neno. Sijapata sifa kubwa kuliko ile.

Anayedhani mfungwa angefurahi zaidi kuachwa akae bure hajawahi kushinda selo kuanzia mlango unapofunguliwa hadi unapofungwa akisikiliza watu 30 wakigombania dirisha moja. Wanawake walisihi waingizwe karakana. Hata Kanuni za Mandela zinaiweka kazi kama nafasi ambayo mfungwa anapaswa kupewa, na zinataka kazi hiyo iwe na manufaa na imfundishe ufundi wa kumsaidia akitoka. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kazi za magereza zifutwe, najibu hapana, tena haraka. Kilichonisumbua hakikuwa cherehani.

Mwaka wangu wa kwanza tulishona sare za askari magereza, yaani nguo za watu waliotulinda. Wengine waliona uchungu katika hilo, mimi sikuona. Gereza ni la umma na sare zake ni za umma. Mambo yalibadilika pale mfanyabiashara mmoja alipoanza kuleta majora ya kitambaa kwa ajili ya sare za shule. Alikuja na gari lake, akazungumza na ofisi, na kuanzia juma lile tukawa na lengo la siku lililoandikwa kwa chaki ubaoni. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali. Sare ziliondoka kwa mamia, na malipo yakaishia ofisini. Sisi tuliletewa biskuti siku shehena ya kwanza ilipokamilika, tukazipigia makofi.

Hapo ndipo penye mstari ambao sheria ya kimataifa iliuchora zamani. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unapiga marufuku kazi ya kulazimishwa lakini unaiacha kazi ya mfungwa nje ya marufuku hiyo kwa masharti: awe amehukumiwa na mahakama, kazi isimamiwe na mamlaka ya umma, na mfungwa mwenyewe asikodishwe wala kuwekwa chini ya watu binafsi au kampuni. Kwa miaka mingi wasimamizi wa mkataba huo wameeleza kwamba kazi kwa ajili ya mtu binafsi inaweza kukubalika pale tu mfungwa anaporidhia kwa hiari na kwa masharti yanayokaribia yale ya mfanyakazi huru, ujira ukiwamo. Sharti hilo halikuwekwa kwa kubahatisha. Marekani ilipofuta utumwa mwaka 1865 kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, ilibakiza mwanya mmoja, adhabu ya kosa la jinai. Kupitia mwanya huo majimbo ya kusini yakawakodisha wafungwa, wengi wao watu Weusi, kwa wenye migodi, mashamba na reli. Alabama, iliyokuwa ya mwisho, iliacha ukodishaji huo mwaka 1928. Mwenye mgodi alikuwa na sababu ndogo sana ya kumtunza mtu ambaye akifa ataletewa mwingine.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza ofisa wa karakana, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, kama sehemu ya malipo ya yule mfanyabiashara ingeweza kuandikwa kwa majina yetu. Hakukasirika. Alicheka. "Mnalala bure, mnakula bure, mnatibiwa bure," alisema, "na mshahara nao mnautaka?"

Hoja yake nimeigeuza kichwani mara nyingi, kwa sababu ndiyo hoja ambayo watu wengi wema wanayo, na haifai kupuuzwa. Ni kweli kumtunza mfungwa ni gharama, na wanaoibeba ni pamoja na walioibiwa na mfungwa huyohuyo. Lakini wenzetu waliobaki selo bila kazi walikula chakula kilekile na kulala sakafu ileile. Kwa hiyo jasho letu halikuwa bei ya chakula, la sivyo wao wangelala njaa. Tena, aliyeamua nikae ndani ni dola, na gharama ya uamuzi wake ni sehemu ya adhabu iliyoichagua. Na hata kama tukikubali kwamba mfungwa achangie matunzo yake, basi kwanza aandikiwe ujira, kisha ukatwe. Kateni, lakini andikeni. Kanuni ya 103 inazungumzia ujira wa haki ambao sehemu yake mfungwa anunulie mahitaji, sehemu atume kwa familia yake, na sehemu iwekwe akiba apewe siku anapotoka. Sheria inaweza kuongeza sehemu ya nne, ya aliyekosewa.

Hiyo ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi. Wanaushirika niliowaibia walikuwa watu 19. Kwa saa 3,600 nilishona, fedha zikapatikana mahali fulani, na hakuna hata mmoja kati ya wale 19 aliyeletewa chochote. Mama yangu alilea wanangu wawili kwa kukopa. Kwa hiyo ninaposikia kwamba kumlipa mfungwa ni kumbembeleza mhalifu, nawafikiria wale 19 na mwanamke mmoja mzee ambaye hakumwibia mtu. Kazi yangu ya bure haikuwalipa wao. Ilimpunguzia gharama mwenye gari la majora.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo ni langu peke yangu. Baada ya mwaka mmoja nilifanywa nyapara wa karakana. Nyapara ni mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake. Halipwi naye, ila hukaa karibu na dirisha, huoga kwanza, na jina lake hutajwa vizuri mbele ya wakubwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika ubaoni kila asubuhi namba za wafungwa na shughuli ya kila mmoja, kisha kuhakikisha lengo limefikiwa. Nilikuwa mkali kuliko askari. Aliyefanya polepole nilimwambia kwamba anatuharibia sote, na niliamini hivyo.

Binti mmoja wa miaka ishirini na kitu alichomwa na sindano ya cherehani kwenye kidole cha shahada. Sindano ilikatikia ndani. Tukaitoa kwa kibanio, tukafunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha sare. Siku ya tatu alinijia mezani, mkono ukiwa umevimba hadi kifundoni. "Dada," aliniambia, "kidole hakikunjiki." Nilitazama ubao, nikaona tumebakiza kola sita. Nikamwambia amalize hizo kola sita kwanza. Alizimaliza kwa mkono wa kushoto na nusu ya wa kulia, akitoa pembe kwa kijiti kama nilivyomfundisha, na alipopelekwa zahanati kesho yake usaha ulikuwa umeshafika kwenye kiungo. Kidole hakikukatwa. Kilipona kikiwa kimenyooka, na kimenyooka hadi leo.

Hakuna aliyeniamuru kumchelewesha. Ndivyo kazi isiyo na ujira inavyoharibu watu wa pande zote mbili: kwa kuwa saa ya mfungwa haimgharimu mtu chochote, hakuna anayeona hasara kuipoteza wala kuiumiza, na mwishowe hata mfungwa mwenzake haoni. Kanuni ya 101 inataka tahadhari za usalama zilezile za mfanyakazi huru zifuatwe gerezani, na aumiaye kazini alipwe fidia kwa masharti yasiyopungua ya nje. Ili hilo liwezekane lazima pawe na maandishi. Kwa hiyo, ukiumia, usikubali kufungwa kitambaa na kurudishwa kwenye mashine. Omba uandikwe kwenye daftari la zahanati siku hiyohiyo, na omba yaandikwe maneno "akiwa kazini". Mwambie ndugu yako atakapokutembelea tarehe na saa, naye aziandike kwake. Karatasi ya ndugu si ushahidi mkubwa, lakini ni tarehe, na bila tarehe huna pa kuanzia.

Kosa jingine, dogo kwa maumivu lakini ghali kwa fedha, lilikuwa kutodai barua. Nilidhani nitakapotoka ufundi utajisemea. Mwenye kiwanda cha kwanza nilichokiendea aliikagua kola yangu, akaridhika, kisha akauliza nilijifunzia wapi na nani atanithibitisha. Cheti cha ufundi kilikuwapo, mtihani ulifanyika mara moja kwa mwaka, na mimi sikujiandikisha kwa sababu juma lile lengo lilikuwa kubwa. Usiige. Jiandikishe mapema, na miezi mitatu kabla ya kutoka mwombe mkuu wa karakana barua inayotaja kazi uliyofanya na muda wake. Baadhi ya ndugu huona haya kubeba karatasi yenye muhuri wa gereza. Nawaambia kwamba pengo la miaka miwili lisilo na maelezo linatia shaka zaidi.

Niliishia kuajiriwa na fundi mwenye vyerehani vinne. Mwezi wa pili aliniambia, bila kujua nilikotoka, kwamba zamani alikuwa na vyerehani tisa na zabuni za shule mbili, hadi alipotokea mtu aliyeuza sare kwa bei ambayo yeye hata kitambaa na uzi visingetoka. Nilijua sare hizo. Nilikuwa nimezitoa pembe. Nilimwambia ukweli siku tatu baadaye, naye alinyamaza muda mrefu, akaniuliza tulilipwa kiasi gani, na nilipomjibu alisema, "Basi hatukushindana na ninyi."

Mijadala hii ni mikubwa kuliko karakana yetu, na haijaisha hata katika nchi tajiri. Nchini Marekani majimbo kama Texas, Georgia, Alabama na Arkansas hayalipi chochote kwa sehemu kubwa ya kazi za wafungwa. Wapiga kura wa Colorado walifuta mwanya wa utumwa kwenye katiba ya jimbo lao mwaka 2018, lakini ujira haukufuata wenyewe, na miaka michache baadaye wafungwa walikwenda mahakamani kudai kwamba bado wanalazimishwa. Mwezi Novemba 2024 wapiga kura wa Nevada walikubali mabadiliko ya aina hiyo, huku wale wa California, jirani zao, wakiyakataa siku hiyohiyo. Ujerumani wafungwa hulipwa, lakini kidogo mno, na tarehe 20 Juni 2023 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba sheria za ujira huo katika majimbo ya Bavaria na North Rhine-Westphalia zinakiuka katiba, kwa kuwa serikali haikuweza kueleza kwa mpangilio jinsi malipo madogo hivyo yanavyomsaidia mfungwa kurudi katika jamii. Hoja hiyo naipenda kwa sababu inaigeuzia dola swali lake: ukisema kazi inamrekebisha mtu, tuonyeshe inamrekebishaje ikiwa inamfundisha kwamba jasho halina thamani.

Nimeanza kuwalipa wale 19. Mwenyekiti wao alitaka tufanye kwa mdomo. Nilikataa, nikanunua kitabu cha risiti, na kila mwezi anatia sahihi.

Yule binti ametoka pia. Hawezi kushika mkasi wa fundi, na anataka kujua kama anaweza kudai fidia. Nimeliandikia gereza kwa niaba yake, kwa ridhaa yake, nikaeleza na sehemu yangu katika kola zile sita. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba daftari la zahanati haliwezi kutafutwa bila namba ya mfungwa, naye mwenyewe ameisahau. Ya tatu nimeipeleka juma lililopita ikiwa na namba yake. Naikumbuka bila kuitafuta popote. Niliiandika kwa chaki kila asubuhi, kwenye safu ya kola, mstari wa nne kutoka juu.